Uso wa Sebuleni na Uso wa Jikoni

Kila mtu aamkapo asubuhi hunawa uso wake, na akiisha kuunawa huutengeneza. Fundi aliyegombana na mkewe usiku huingia karakana akicheka. Karani aliyelala na njaa hunyoosha ukosi wa shati lake, akaketi kitini kama mtu aliyeshiba. Naye mkubwa wa ofisi asiyejua jibu hukohoa, akavaa miwani, akafungua jalada, ili tusidhani kwamba hajui. Sote twafanya hivi. Na yule asemaye kwamba yeye hafanyi, basi hiyo ndiyo sura aliyoichagua kutuonyesha.

Jambo hili laonekana dogo, la kuchekea barazani. Lakini limewakosesha watoto vitabu, limewakosesha wagonjwa dawa, na limewaangusha wakubwa ambao mpaka leo hawajui kilichowaangusha. Kwa hiyo si vibaya tukilitazama kwa makini, tukajiuliza ni uso gani wa kujitengenezea ulio halali, na ni upi unaotudhuru.

SIKU YA MKAGUZI

Nilipokuwa mtoto katika shule moja ya misheni, tuliambiwa kwamba mkaguzi atakuja. Kwa siku tatu hatukusoma. Tulifyeka majani, tukapaka chokaa mawe yaliyokuwa kando ya njia, na asubuhi ya siku yenyewe tukachomeka maua ardhini, maua yasiyokuwa na mizizi, yapate kusimama mpaka saa saba. Vitabu vya madarasa matatu vilikusanywa vikatiwa katika darasa moja, kila mtoto awe na chake. Kisha mwalimu akapita mstarini akitutazama mmoja mmoja. Wale waliokuwa na mashati yaliyochanika akawatoa kando, nami nikiwa mmoja wao, tukapewa ndoo tukaambiwa twende mtoni kuteka maji, wala tusirudi mpaka tusikie kengele.

Tulikaa mtoni tangu asubuhi mpaka mchana. Kwa mbali tuliwasikia wenzetu wakimwimbia mgeni wimbo ambao sisi pia tulikuwa tumejifunza. Mgeni aliona watoto nadhifu, kila mmoja ana kitabu, akafurahi, akaandika katika daftari la wageni kwamba shule hii haina upungufu. Mwalimu mkuu alitusomea maneno yale mstarini siku ya pili yake kwa sauti ya furaha, nasi tukapiga makofi.

Mwaka ukapita, wala hatukuletewa vitabu. Ukapita mwingine. Nani atapeleka vitabu kwenye shule isiyokuwa na upungufu?

Kwa miaka mingi nilimkasirikia mwalimu yule. Leo simkasirikii tena. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuiba kitu. Alikuwa mtu mwenye hofu, aliyejua kwamba mkaguzi akiyaona mashati yetu hatauliza kwa nini serikali haikuleta msaada, bali atauliza kwa nini mwalimu ameiacha shule katika hali ile. Hofu ndiyo iliyochomeka maua yale.

SIJAMBO, ILA…

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba kila sura ya kujitengenezea ni uongo. Tazameni maamkizi yetu. Ukimwuliza mtu, "Hujambo?" atakujibu, "Sijambo," hata kama ana homa inayomtetemesha. Ukimwuliza habari za nyumbani atasema, "Njema." Mgeni asiyejua desturi zetu aweza kudhani kwamba sisi ni taifa la watu wasiougua. Lakini subiri kidogo. Mkiisha kuketi, na maji yakiisha kunywewa, ndipo lijapo lile neno dogo: "Hatujambo, ila mtoto amelazwa tangu juzi." Neno "sijambo" halikuja kuificha homa. Limekuja kumpa mwenzio nafasi ya kuingia na kukaa kabla ya kupewa mzigo wa kuubeba.

Hapa ndipo tuonapo tofauti. Uso wa heshima ni mlango: umefungwa, lakini wafunguka kwa abishaye hodi. Uso wa hofu ni ukuta, hata ukibisha hodi mchana kutwa hutapata jibu.

KISIWA CHA UNST

Mtu mmoja aliyechungua mambo haya kuliko wengi alikuwa Erving Goffman, aliyezaliwa Kanada mwaka 1922, akafariki mwaka 1982. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago alikwenda katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Skotilandi, akakaa kwa vipindi kati ya mwaka 1949 na 1951 katika kisiwa kiitwacho Unst. Wenyeji wa huko walikuwa wakulima wadogo, wafugaji wa kondoo na wavuvi. Kutokana na mambo aliyoyaona pale aliandika kitabu, kikachapwa Edinburgh mwaka 1956, kisha mwaka 1959 kikachapwa Marekani na kuenea duniani. Maneno yake, kwa ufupi, ni kwamba mtu mbele ya wenzake ni kama mchezaji jukwaani: ana mahali pa kuonekana, na ana mahali nyuma ya pazia ambapo huuvua uso wake akapumzika.

Nyumba za wakulima wale zilikuwa na giza ndani, na nje hapakuwa na miti ya kumficha mtu. Kwa hiyo jirani alipokuja kunywa chai, wenye nyumba waliweza kumwona akiwa bado njiani, naye hawaoni. Wakafanya mchezo wa kumtazama: anakuja na uso wake wa kawaida, umechoka, umekunjamana kwa upepo, lakini akikaribia mlango, mara tabasamu latokea, naye aingia nalo ndani. Hawakumchukia kwa ajili hiyo. Walijua kwamba nao wakienda kwake watafanya vivyo hivyo.

Akamwona mke wa mkulima akimwandalia mgeni wa mbali chakula cha kienyeji. Mgeni husifu: chakula kitamu, sijapata kuonja kama hiki. Mama yule husikiliza na kutabasamu kwa adabu. Lakini macho yake hayako kwenye maneno, yako kwenye uma. Anapima upesi wa mkono na hamu ya mdomo, ndipo ajue kama sifa zile ni za kweli. Mama zetu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mgeni asemapo, "Nimeshiba," huku jicho lake limebaki kwenye sinia, ni mama gani wa Kiswahili asiyejua la kufanya?

Ndiyo maana Goffman alitenga mambo mawili: lile ambalo mtu hulitoa kwa makusudi, yaani maneno yake; na lile ambalo humtoka tu bila ya yeye kulituma. La kwanza twaweza kulitengeneza. La pili hututengeneza sisi mbele ya macho ya watu.

NYUMBA ZA MAKUSUDI MBOVU

Katika kisiwa kile kulikuwa na habari nyingine, nayo yatugusa sisi wafanya kazi na wakulima kwa karibu zaidi. Wazee walikumbuka kwamba babu zao waliacha kuzitengeneza nyumba zao kwa nje ziwe za kupendeza, ijapokuwa waliweza. Sababu yake ni kabaila mwenye ardhi. Kabaila akiona nyumba imependeza hudhani kwamba mpangaji amepata, naye huongeza kodi. Basi umaskini ukawa vazi, likavaliwa makusudi mbele ya mwenye nguvu. Na hata kabaila alipopungua nguvu, mazoea hayakutoka upesi. Mabaki yake yalionekana mbele ya afisa wa serikali aliyekuja kutazama nani astahili msaada.

Tuweke habari hii kando ya ile ya shule yangu. Kule, wenye nafuu walijionyesha maskini. Huku, maskini walionyeshwa kuwa na nafuu. Sura ni mbili, zinazopingana. Chanzo ni kimoja. Palikuwa na mtu wa juu ambaye ukweli ukimfikia huwa fimbo. Palipo na mtu wa namna hiyo, watu wa chini watavaa lolote, ilimradi fimbo isiwafikie. Tusiwaite waongo kabla hatujauliza ni nani ashikaye fimbo.

JIKONI KWA HOTELI

Unst ilikuwa na hoteli ya watalii, nayo ilimfundisha Goffman mengi. Katika chumba cha kulia, mambo yalikwenda kwa taratibu za mabwana: kitambaa cheupe, sauti ya chini, hatua za pole. Lakini ukipita mlango mmoja tu ukaingia jikoni, uliingia nchi nyingine. Huko watumishi walisema na kula kama desturi ya kisiwa chao. Soksi zilizolowa zilianikwa juu ya birika la maji yanayochemka. Supu iliyongoja ilifanya ukungu. Na siagi iliyoliwa nusu na wageni, ikalainika na kuharibika umbo, ilifinyangwa upya ikaonekana mpya, ikarudishwa mezani kwenda kazini mara ya pili.

Twaweza kucheka, na wengine kati yetu tutakumbuka hoteli tulizokula. Lakini kuna mambo mawili katika jiko lile yasiyofaa kuchanganywa. Siagi ile na supu ile ni udanganyifu, kwani mgeni ndiye aliyeila hasara, kwa fedha yake na kwa tumbo lake. Lugha ya kisiwa na kicheko cha watumishi si udanganyifu hata kidogo. Hiyo ilikuwa haki yao ya kupumzika. Mtu aliyesimama mchana kutwa na uso wa wageni hana budi kupata mahali pa kuuvua.

Haki hii ya kuwa na jiko haijatazamwa kama inavyostahili. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu ya wahudumu wa ndege na juu ya wakusanya madeni. Alionyesha kwamba kwa watu hawa uso wenyewe ni kazi, kama jembe lilivyo kazi kwa mkulima. Wahudumu wa ndege walifundishwa kuiona ndege kuwa ni sebule ya nyumba zao, na abiria kuwa ni wageni wao wenyewe. Hata yule atukanaye ni mgeni. Wakusanya madeni walitakiwa kinyume chake, wakaze uso hata mbele ya mtu mwenye kuhurumiwa. Baada ya safari ndefu baadhi ya wahudumu waliona shida kulitua tabasamu lile. Liliendelea kukaa usoni kama kitu cha mtu mwingine.

Hili si jambo la ndege peke yake. Mwuguzi atukanwaye na ndugu za mgonjwa, mwuza duka, karani wa dirishani, mtumishi wa nyumbani, utingo wa basi, wote huuza uso wao pamoja na nguvu zao. Aliyechoka mgongo husema, "Mgongo waniuma," naye huaminiwa. Aliyechoka uso atasema nini? Tena wapo wasiokuwa na jiko kabisa. Mtumishi wa nyumbani alalaye katika nyumba ya tajiri wake yuko mbele ya macho ya watu tangu alfajiri mpaka usiku. Hata chozi lake lahitaji ruhusa. Ukitaka kujua kama mahali pa kazi pana utu, usitazame sebule, wala usihesabu tabasamu za mlangoni. Uliza kama wafanya kazi wanapo mahali pa kukaa bila kutazamwa, na kama wana saa yao wenyewe ya kukaa hapo.

KOFIA NA VIATU

Kuna uso wa namna nyingine tena, ambao si wa adabu wala wa hofu wala wa mshahara. Ni uso ambao mtu huuvaa ili kudai utu alionyang'anywa.

Mwezi wa Aprili mwaka 1897 amri ilitolewa Unguja ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria. Kabla ya siku zile nguo ilikuwa ikimtangaza mtu kabla hajasema neno. Mtumwa alivaa kipande cha merikani au kaniki. Kwa desturi hakuvaa viatu, wala hakufunika kichwa. Baada ya amri ile, waliokuwa watumwa walianza kujinunulia kanzu na kofia. Na wanawake wakajifunga kanga za rangi, wakafunika vichwa vyao, na baadaye wakavaa buibui kama wavaavyo wanawake wa waungwana.

Sheria ilikuwa imemwambia mtu kwamba yeye si mtumwa, lakini haikumwambia jirani yake amwiteje. Kofia ndiyo iliyomwambia. Aliyeivaa hakumdanganya mtu. Alisema jambo la kweli ambalo wengine hawajakubali bado kulisikia. Huo ni uso utanguliao haki, ukaishika njia mpaka haki ifike.

Kwa hiyo tuwe waangalifu tumchekapo kijana wa kibarua avaaye shati jeupe lililopigwa pasi siku ya Jumapili. Nguo ya kuazima haisitiri, ndivyo wahenga walivyotuonya, na neno lao ni kweli kwa anayejikweza kwa mali ya mwenziwe. Lakini shati alilolitolea jasho mwenyewe si la kuazima. Juma zima amekuwa mikono tu. Jumapili ataka kuonekana mtu mzima. Ana haki.

MACHO YA WALIO CHINI

Tumesema juu ya walio chini. Tuje kwa walio juu, kwani huko ndiko uso wa kujitengenezea uletako hasara kubwa.

Wakubwa wengi hudhani kwamba sura yao yatokana na hotuba zao, suti zao, na picha zao magazetini. Wamesahau yule mama wa Unst atazamaye uma. Katika miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki walipata neno moja la kuwaitia wakubwa wapya waliokwenda kwa magari ya fahari: wabenzi. Hapana ofisi iliyolitunga neno lile, wala hotuba iliyoweza kulifuta. Mkubwa alipanda jukwaani akasema juu ya kujinyima. Watu wakapiga makofi kwa adabu, huku macho yao yakihesabu magurudumu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na busara moja katika jambo hili, hata kwa wale wasiokubaliana na mengine yaliyomo. Halikumwambia kiongozi avae nguo gani. Lilimkataza kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kuwa na nyumba za kupangisha. Yaani halikutengeneza sura yake, liliuliza riziki yake yatoka wapi. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mabishano juu ya kulegezwa kwake hayajaisha. Lakini swali lile lingali zuri: tusimwulize mtu aonekanaje, tumwulize aishije. Mkakasi ni mzuri kwa nje, na ndani ni kipande cha mti tu.

Tena kuna hatari ambayo mkubwa haioni, nayo ni hii. Kadiri anavyopanda, ndivyo nyuso za walio mbele yake zinavyozidi kutengenezwa. Alipokuwa kibarua, wenzake walimwambia ukweli mpaka akakasirika. Alipokuwa msimamizi, walimwambia nusu. Sasa yeye ni mkurugenzi, na kila afikapo mawe yamepakwa chokaa, wodi ina mashuka mapya, mashine iliyolala mwezi mzima yazunguka kwa saa mbili, na mtu aliyechaguliwa kusoma risala ni yule ambaye shati lake halikuchanika. Mkubwa huyo hudhani kwamba anaona nchi, kumbe anaona uso wake mwenyewe katika kioo kilichosafishwa. Wa mwisho kupata habari huwa ni yeye, na habari yenyewe humfikia pamoja na anguko.

Dawa yake haiko katika kuja kwa ghafla tu kama polisi. Mkubwa ajaye ghafla huku ameshika fimbo atawafundisha watu kuwa na maua yaliyochomekwa siku zote za mwaka. Dawa ni kuiweka fimbo chini, na watu waone kwamba imewekwa. Mkaguzi aingiapo shuleni, neno lake la kwanza lisiwe "Mbona pachafu?" bali "Mmepungukiwa na nini?" Na mwalimu wa kwanza atakayethubutu kumwonyesha mashati yaliyochanika asipewe karipio, apewe vitabu. Wa pili hatangoja kuulizwa.

TULIO CHINI NASI

Nasi tulio chini hatuna ruhusa ya kujificha nyuma ya hofu siku zote. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Na mficha upungufu wa kiwanda, au wa zahanati, au wa shule, hamfichi yeye peke yake, huwaficha na watoto wa watu. Adabu yetu ni nzuri, tusiitupe. Tuseme "Sijambo" kama tulivyolelewa. Lakini tusiishie hapo. Tuendelee mpaka lile neno "ila," tulitamke mbele ya mkubwa kwa heshima na kwa sauti inayosikika: Hatujambo, mheshimiwa, ila dawa zimekwisha tangu mwezi uliopita. Hatujambo, ila mshahara umechelewa. Hatujambo, ila wapo watoto kumi na mmoja ambao leo huwaoni, wako mtoni.

Nakumbuka kengele ilipolia siku ile. Tulipanda kilima na ndoo zetu zimejaa, tukayakuta maua yamekwisha kunyauka na kulala kando ya mawe meupe. Mgeni alikuwa amekwenda. Mwalimu alitutazama kidogo, halafu akatazama pembeni, akatuambia tuyamwagie maji maua yale. Tukayamwagia.